Kontrola Mbili na Sindano za Mama

Tangu turudi, hakuna anayeingia dukani kwangu akanunua viatu kwa amani. Lazima kwanza aulize. Ni kweli mlilala njiani kwa sababu ya mafuriko? Ni kweli mama mkwe wako alipigana na polisi? Na mbona gari la Jilo limerudi tupu kama kopo? Nimesimulia vipande vipande mpaka habari yenyewe imeanza kujichanganya. Rose wa duka la jirani anawaambia watu tulizama mtoni. Hatukuzama. Basi nimeamua kuiandika yote kwa mpangilio, muisome, halafu mniache niuze viatu.

La Mama na polisi si kweli. Au si kweli sana.

Thika: ubishi juu ya paa

Mume wangu Buya na mdogo wake Jilo ni watu wa Kulesa, kando ya Mto Tana, karibu na Garsen. Mama yao aliletwa kwetu Thika kutibiwa sukari, na matibabu yakamweka kwetu muda mrefu kuliko alivyotaka. Siku daktari aliposema anaweza kusafiri, Mama alianza kupanga mizigo yake kwa sauti tukiwa bado kwenye lango la hospitali.

Tatizo lilikuwa insulini. Chupa zake zinatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa friji, na kule tulikokuwa tunaenda ukiacha sabuni juani inalainika. Halafu mgongo wake hauwezi kukaa kitini kutwa nzima. Alihitaji kulala na kuinuka atakavyo, na dawa yake iwe karibu.

Lakini ndugu hawa wawili walikuwa na magari. Nyote mmeyaona yameegeshwa uani kwetu: vani mbili kuukuu ambazo wamezigeuza nyumba, kila moja na kitanda, meko ya gesi, friji ndogo ya betri na paneli ya sola juu ya paa. Paneli walinunua pamoja, za aina moja, zile kubwa za kuweka kwenye nyumba. Betri pia walinunua pamoja. Kilichowatenganisha ni kontrola, kile kidude kinachokaa katikati ya paneli na betri kuhakikisha betri inachajiwa vizuri na haizidishiwi. Buya alichukua ile inayoitwa PWM, nyepesi, ya bei nafuu, yenye vitaa vitatu tu. Jilo alichukua MPPT, nzito kama tofali, na skrini ya kuonyesha kila kitu.

Walibishana juu ya vitu hivyo kuliko watu wanavyobishana juu ya siasa. Asubuhi ya kuondoka walikuwa bado wako juu ya paa wakitupiana maneno. Mama, ambaye alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti cha mbele na mkoba mapajani, akatoa kichwa dirishani.

"Jilo, hebu nieleze mimi. Tofauti yake ni nini?"

"Mama, paneli zetu hizi zina volti nyingi kuliko betri. Ni kama umeenda dukani na noti kubwa kununua kiberiti. Ile ya Kaka inachukua noti, inakupa kiberiti, basi. Chenji haina. Yangu inakurudishia chenji yote. Ile volti ya ziada inaigeuza kuwa chaji."

Mama akamtazama Buya. "Kwa hiyo wewe siku zote unaacha chenji dukani?"

"Mama, usimsikilize," Buya akasema. "Yangu haina mambo mengi. Kitu kisicho na mambo mengi hakiharibiki. Tukifika Tana tutaona nani atamwomba mwenzake maji baridi."

Mimi niligawa insulini mara mbili, nusu friji ya Buya, nusu friji ya Jilo, ili friji moja ikigoma tusipoteze zote. Nilijiona mwerevu sana. Tukaondoka, Buya mbele na mimi na Mama, Jilo nyuma peke yake akipiga honi kama anasindikiza bibi harusi.

Mwingi: mheshimiwa ni yupi?

Sikuwahi kumwona Mama hivyo. Kwetu Thika alikuwa mtu wa kukaa kando ya dirisha na kujibu kwa maneno machache. Barabarani alisoma kila kibao kwa sauti. Matuu! Mbuzi wangapi wale? Hivi mawe haya nani aliyaweka juu ya mlima?

Tulisimama Mwingi kula. Hoteli ilikuwa na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya Wakamba, na nyama ya mbuzi, na Mama alipima sukari, akajidunga, akala kidogo kwa heshima zote. Tulipotoka tukakuta watu wamezunguka magari. Magari mawili yanayofuatana, vyuma vinang'aa juu, mama mtu mzima ameketi mbele: walishaamua sisi ni wanasiasa.

"Mheshimiwa ni yupi?" mzee mmoja akaniuliza.

Kabla sijajibu Mama alikwisha inua mkono, anawapungia. Wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akauliza kama leso zitagawiwa hapo au sokoni. Ilibidi Jilo afungue milango yote miwili, waone kitanda na masufuria, ndipo wakatuamini. Hata hivyo mmoja alisisitiza kwamba mgombea mwenye akili huficha leso chini ya kitanda.

Hapo hapo ndugu wakapima. Jua lilikuwa utosini. Skrini ya Jilo ilionyesha ampea kumi na nane zinaingia kwenye betri. Buya akachomeka mita yake upande wetu, akapata tisa na kitu. Karibu nusu, paneli ni ile ile na jua ni lile lile.

"Skrini inaweza kuandika lolote," Buya akasema.

"Basi chomeka hiyo mita yako kwangu."

Akachomeka. Kumi na nane. Buya akakunja nyaya polepole sana, akasema tutachelewa.

Madogo: Mama na polisi

Madogo ni pale unapoiacha barabara ya Garissa na kushika ya Hola. Joto la huko halikupigi, linakukalia. Kwenye kizuizi afisa mmoja kijana, mpole tu, alikuja dirishani upande wa Mama.

"Shikamoo Mama. Mmebeba nini humo ndani?"

"Sindano," Mama akasema.

"Sindano za nini?"

"Za kujidunga."

Uso wa afisa ukabadilika. Akaomba tushuke wote. Buya akaanza kueleza, Jilo akaja kutoka nyuma akieleza pia, wote kwa pamoja, na kila mmoja akisema neno "kontrola", jambo ambalo halikusaidia. Afisa akarudi kwa Mama.

"Unajidunga wapi, Mama?"

Mama aliona swali ni jepesi. Akashika pindo la gauni lake, akaanza kulipandisha amwonyeshe tumbo.

"Hapana, hapana, Mama! Tafadhali!" Afisa aligeuka akatazama Garissa. "Nilimaanisha wapi, mahali gani, hospitali au nyumbani!"

Nikakimbia kuleta cheti cha kliniki na chupa moja. Alipoona akacheka mpaka akashika kofia, akatuambia shangazi yake ana sukari pia, na kwamba huko mbele mvua imenyesha juu, tuangalie malaga. Laga ni mkondo unaokaa mkavu miezi mingi, halafu siku moja unajaa maji. Mama alimwombea baraka kwa muda mrefu, gari lililokuwa nyuma yetu likaanza kupiga honi. Hivyo ndivyo Mama alivyopigana na polisi.

Chewele: nyumba ya barafu

Kabla hatujafika Chewele, Jilo akawasha taa za kutuashiria. Tukasimama penye vibanda vichache vya kando ya barabara. Alikuwa ameshuka, amesimama mbele ya kabati lake la chini ya kitanda, na skrini yake haina ampea hata moja. Inamulika alama nyekundu tu.

Buya aligusa kile kidude, akarudisha mkono haraka. Kilikuwa moto kama sufuria. Jilo alikuwa amekifungia ndani ya kabati, akajaza mablanketi kando yake ili vyombo visigongane. Kimechemka, kikajizima chenyewe kujiokoa.

Sijawahi kumwona mume wangu na furaha ya namna ile. Alinishika mkono akanipeleka kwenye gari letu, akanionyesha kitaa cha kijani kinawaka bila wasiwasi. "Unaona? Unaona, Mariamu? Vitaa vitatu!" Akaenda kumwonyesha Mama. Akarudi akaniita nikione tena.

Ikabidi tungoje kidude kipoe. Jilo alitoa mablanketi yote, akakifungua kutoka kabatini na kukihamishia ukutani penye upepo. Wakati huo kibanda cha jirani kilikuwa na mwanamke wa Kiorma anayeuza chai na maziwa, jina lake Halako. Alitutazama muda, kisha akaja na birika.

"Nyumba hii inaenda wapi?"

"Kulesa," nikasema.

"Ndani iko nini?"

"Kitanda, jiko, friji."

"Friji?" Akaweka birika chini. "Barafu iko?"

Nilidhani anauliza tu kama friji inaweza kugandisha maji. Nikasema ndiyo, inaweza. Halako akaita kitu kwa Kiorma upande wa nyumba, na mara wanawake wakaanza kuja, mmoja na sufuria, mwingine na dumu, mwingine na mtungi wa plastiki wa kubebea maziwa. Habari ilikuwa imeenea: wamefika watu wa kuuza barafu. Maziwa yao ya asubuhi huharibika kabla hayajafika sokoni, na barafu ingekuwa kitu kikubwa.

Niliona aibu mpaka masikio. Mama, ambaye anakijua Kiorma cha kutosha kusalimia na kutaniana, akawaeleza. Wakacheka, hawakukasirika hata kidogo. Mmoja alikaa akamsuka Mama nywele pale pale. Chai ya Halako ilikuwa na maziwa yanayonukia moshi, na tangu hapo chai ya Thika naiona kama maji ya kuoshea vikombe.

Jioni skrini ya Jilo ikarudi. Kumi na moja, kwa jua lililokuwa linashuka! Alipiga kelele hadi mbuzi wakakimbia. Kwa furaha akamwambia Halako, "Mama, mimi nitakupa barafu. Kesho asubuhi, kabla hatujaondoka." Akajaza chupa za maji, akazipanga kwenye friji, akazungusha kitufe mpaka mwisho wa ubaridi. Dawa aliihamishia kwenye kikapu cha juu, akiamini huko haitafikiwa na barafu. Tukalala hapo hapo.

Asubuhi barafu ilikuwepo. Halako alizibeba zile chupa kifuani akiruka-ruka kwa baridi, akazizamisha kwenye chombo cha maziwa na kukifunga kwa gunia. Akatupa maziwa ya njiani na kukataa katakata kitu chochote kutoka kwetu. Tukaondoka tunapunga mikono. Kitufe cha friji hakuna aliyekikumbuka.

Baada ya Hola: laga

Hola tulipita bila kukawia, tukanunua samaki wa kukaanga na ndizi, na hapo mbingu zikaanza kufunga. Mama alikuwa hajawahi kufurahia wingu kiasi hicho. "Mvua ya kwetu hiyo! Nusa! Nusa, Mariamu!" Mimi nilinusa vumbi lililolowa na dizeli, lakini nikakubali.

Kati ya Hola na Garsen tukakuta mkia wa magari. Laga imejaa, maji mekundu yanakatiza juu ya barabara na kubeba matawi mazima. Hakuna anayevuka. Kulikuwa na basi, malori, na mbele yetu dereva mmoja wa lori la matikiti maji aliyekuwa amekwisha kata tamaa ya kufika sokoni na anawagawia abiria matikiti. Tulikula mpaka matumbo yakapiga kelele. Mama alipewa kipande kimoja chembamba, akakilamba kwa muda mrefu kama peremende.

Mchana ule tukangoja, usiku tukalala, na asubuhi maji yalikuwa bado yanapita. Wingu limetanda kama dari. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Niliamka nikasikia friji yetu inalia ile sauti ya kukata, inawaka, inazima. Vitaa vya Buya: kijani hakipo, chekundu kipo.

"Jua likitoka tu," Buya akasema.

Halikutoka. Alipima: ampea moja na kidogo. Kwa Jilo, chini ya wingu lile lile, karibu tatu. Si nyingi, na betri yake nayo ilikuwa inashuka, lakini friji ilikuwa bado inaendelea. Hakuna kati yao aliyekuwa ameunganisha betri ya ndani na injini. Kila mmoja alikuwa amesema jua la Tana linatosha. Buya alijaribu kuvuta waya kutoka injini, waya ukapata moto akauondoa haraka.

Nilifungua friji yetu nikaigusa chupa ya insulini. Bado ilikuwa na ubaridi, lakini ule unaoondoka.

"Buya," nikasema, "hamishia kwa Jilo. Zote."

Najua ilimuuma. Kisha akachukua chupa mikononi kama mayai, akatembea kwenye matope mpaka gari la mdogo wake. "Jilo, nipe nafasi kwenye friji yako."

Jilo hakucheka hata kidogo. Akafungua mlango, akatoa kikapu cha juu, na nikamwona anasimama vile vile, bila kusogea. Chupa za nusu ile nyingine zilikuwa na ukungu wa barafu. Ndani dawa ilikuwa imekuwa jiwe.

"Ziyeyushe basi," Buya akasema.

"Haifai," nikasema. Hilo daktari alikuwa amelirudia mbele yangu: ikiganda, imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Nusu imekufa kwa baridi na nusu inakufa kwa joto, na mbele yetu maji.

Jilo alikaa chini kwenye ngazi ya gari. "Nilitaka tu kumpa yule mama barafu," akasema.

Mama alikuwa amesikia. Alikuja polepole akijishika kwenye ubavu wa gari, nywele zake zikiwa bado zimesukwa Kiorma. Akazitazama chupa zilizoganda, kisha wanawe.

"Hizi nzuri zinanifikisha Garsen?"

"Zinakufikisha na kuzidi, zikikaa baridi," nikasema.

"Basi ziwekeni baridi. Mnaangalia nini?"

Ikawa kama amewamwagia maji. Buya ndiye aliyetoa wazo, na nataka mjue hivyo, maana nimesikia Jilo akijisifia. Alisema: kontrola ya Jilo imeandikwa ampea arobaini. Inaweza kubeba paneli zote mbili. Tuunganishe yangu kwake.

Wakasogeza magari mpaka vioo vya pembeni vikakaribia kugusana. Ilibidi paneli ya Buya ifunikwe kwanza, maana hata chini ya wingu paneli inatoa umeme na nyaya zinaweza kupiga cheche. Mama akavua leso yake ya juu, akatupa. Jilo juu ya paa moja, Buya juu ya paa nyingine, mimi chini nashika nyaya, dereva wa matikiti anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Abiria wa basi wakaja kutazama. Plagi zikaingia. Buya akavuta leso.

Skrini: tano. Halafu sita. Wingu likapungua kidogo upande wa mashariki: tisa!

Watu wasiojua hata ni nini walipiga vigelegele. Mama mmoja wa basi alinikumbatia akauliza kama sasa maji yatapungua. Nilirudisha kitufe cha friji katikati, nikaweka kipimajoto karibu na chupa, na sikuruhusu mkono wa mwanamume yeyote karibu na kile kitufe tena. Mpaka leo.

Alasiri maji yakashuka. Tulichomoa nyaya, tukavuka gari moja moja, na Buya akaniambia bila kunitazama, "Ile chenji aliyosema Jilo. Ni kweli ipo."

Garsen: pilau na habari njema

Garsen kulikuwa na jua jipya na matope ya kutosha. Tulienda moja kwa moja hospitalini. Muuguzi mmoja mwenye sauti ya chini alipokea chupa zilizoganda, akazitenga bila kutusema vibaya, akakagua zile nyingine moja moja, akasema ziko salama. Akamwandikisha Mama kwenye kliniki yao, atapata nyingine hapo hapo kila zikikaribia kuisha. Kisha akauliza, "Na kule Kulesa, utaziweka wapi?"

"Nitakuwa na wanangu," Mama akasema.

Tulikula pilau kwenye hoteli ya karibu na stendi, na Buya akamnunulia Jilo soda kwa hiari yake. Vijana wa bodaboda walilizunguka gari wakiuliza "hiyo mtambo ni ya ngoma ama ni ya nini, buda?" na Jilo akawaeleza habari za noti na chenji mpaka wali wake ukapoa.

Kulesa

Kutoka kwenye lami unaingia njia ya udongo, mashamba ya mpunga na migomba, na Mama akaanza kutaja majina. Si ya vijiji sasa. Ya watu. Hapa kwa fulani. Hapa tulivuna. Hapa nilianguka na ndoo siku ya harusi yangu. Walikuwa wamepata habari, na wanawake walikuja wakiimba tangu kwenye bomba la maji, wakashika milango kabla gari halijasimama. Mama alishuka kama msichana. Nilimtafuta kwenye umati nikaona tu nywele zile za Kiorma zikienda juu na chini.

Baada ya chakula, samaki wa mtoni na wali wa mpunga wa shamba lao, Mama akawaita wanawe mbele ya nyumba yake, ambayo shemeji zake walikuwa wameiezeka upya.

"Shusheni na masanduku yangu."

Buya akashangaa. "Yote, Mama? Tunakaa wiki tu."

"Nyinyi mnakaa wiki."

Ndipo nikaelewa zile nguo zote alizokuwa akikunja Thika. Nilidhani ni zawadi.

"Mama, huwezi," Buya akasema, na sauti yake ilipanda. "Umeme haujafika hapa. Dawa itakaa wapi? Umeona yaliyotupata njiani!"

"Nimeona. Buya, kwako nilikula vizuri na mke wako alinitunza kama mama yake mzazi. Lakini kutwa nzima nilikuwa naangalia lango. Hapa tangu nishuke sijakaa chini. Mnataka nipone nikafanye nini, niangalie lango?"

Buya alikuwa anatazama ardhi. Nikageuka kumtafuta Jilo anisaidie kusema neno, na Jilo hakuwepo.

Alikuwa ndani ya gari lake na bisibisi. Tulipofika alikuwa amekwisha fungua skrubu mbili za kontrola ukutani.

"Jilo, hiyo?" Buya akamwuliza. "Si umeihangaikia mwaka mzima?"

"Kaka, shika huku, nyaya zisikatike."

Siku tatu walifanya kazi pamoja bila ubishi hata mmoja, jambo ambalo lilinitia hofu. Paneli ya Jilo ikapanda kwenye bati la Mama. Betri yake na friji yake vikaingia ndani, kontrola ikafungwa ukutani juu kabisa, penye upepo, hakuna blanketi. Betri kwanza, paneli baadaye, ndivyo inavyotakiwa. Buya alimfundisha Mama kusoma skrini, na mimi nikachora alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe cha friji: hapa, usipite.

Tukaaga kwa machozi na mabunda ya ndizi. Jilo alirudi Thika na gari lenye kitanda na mwangwi. Njia nzima alikunywa maji ya moto na kupiga filimbi.

Sasa kila asubuhi Mama anapiga simu na kumsomea Jilo namba. "Kumi na saba. Ni nzuri?" Nzuri sana, Mama. Jumapili iliyopita tulikuwa wote mezani simu ilipoingia, na Mama hakuanza na namba. Alisema jirani yake mmoja ameleta insulini yake iwekwe pale, na kuna mama mwingine kutoka kijiji cha Wema, na Halako wa Chewele ana dada yake aliyeolewa karibu, naye ameomba. Friji imejaa, inafanya kazi mchana na usiku, na jana wingu lilipotanda namba ilishuka sana.

"Hebu niambieni," akasema, "hiki kidude kinaweza kubeba paneli ya pili?"

Jilo alifungua mdomo kujibu. Kiti cha Buya kilikuwa kitupu. Tukasikia ngazi ikiegemezwa kwenye gari letu uani, halafu nyayo juu ya paa, halafu spana.